Mashela Elfu Nne

Dakika kumi na moja ndizo Mfumaji, mashine ya serikali, alizohitaji kuutengenezea wimbo video, na Kidawa alizihesabu zote akiwa amekaa ukingoni mwa kochi la bibi yake, miguu haitulii. Bibi mwenyewe, Siwema Mbwana, alikuwa ameketi mkekani ameegemea ukuta, ameshiba wali wa nazi, anajifanya hana papara. Uongo mtupu. Alikuwa na papara kuliko mjukuu wake.

Wimbo uliitwa "Wodi ya Tisa". Kidawa alikuwa na miaka ishirini na tatu, na aliutunga baada ya mama yake Mwanahamisi, binti pekee wa Siwema, kufariki katika wodi hiyo mwaka 2066, mkono mmoja umeshikwa na Kidawa na wa pili umeshikwa na bibi. Wimbo ulimshukuru muuguzi mmoja aliyekuwa akiingia kila alfajiri, akimgeuza mgonjwa, akimpaka mafuta mgongoni na kumwita "dada" mpaka siku alipofumba macho. Basi, hakuna zaidi ya hayo. Siwema alipousikia mara ya kwanza alitoka uani akajifanya anaanua nguo.

"Bibi, imekamilika!"

Skrini ya ukutani ikawaka. Kwa sekunde nne alionekana Kidawa mwenyewe, na yale macho aliyorithi kwa mama yake, mdomo unafunguka kuuanza ubeti. Kisha kamera ikashuka. Ikapita shingo, ikapita kifua, ikafika kiunoni ikaganda. Uso haukurudi tena. Wodi ikawa chumba chenye taa za zambarau. Muuguzi akaingia na kijigauni cheupe kilichoishia mapajani, mgongo kwa watazamaji, akainama kitandani. Kuanzia shingoni kwenda juu alikuwa ukungu mtupu. Kitandani hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na mwanamume mwenye miwani ya jua ameegemea mito, na mdomo wake ndio ulioimba maneno ya Kidawa: nishike mkono, dada, mwili umenichoka.

Kidawa hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Mama yuko wapi?" aliuliza. "Bibi, niliandika kabisa kwenye maelezo. Mgonjwa, mwanamke, miaka thelathini na minane. Mama yuko wapi?"

"Izime."

"Yuko wapi?"

"Nimesema izime, mjukuu wangu."

Kidawa hakuizima. Aliandika maelezo mapya: uso wa mwimbaji uonekane wimbo mzima, mwanamume aondolewe. Wakasubiri dakika kumi na moja nyingine. Safari hii uso ulikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na mwanzo mpaka mwisho ulikuwa unatabasamu. Ulitabasamu kwenye ubeti wa mafuta. Ulitabasamu pale mgonjwa anapokata roho, meno yote nje, kichwa kimeinamishwa upande kidogo. Siwema aliona bora ule ukungu.

"Si nyinyi mnaomfundisha?" Kidawa alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Pale Hazina, Bibi. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo hasa kazi ya Siwema. Alikuwa Mhifadhi Mkuu wa Hazina ya Picha za Muziki, amefanya kazi hapo miaka ishirini na minane, na hasira iliyompanda wakati ule hakujua aielekeze kwa nani.

*

Kesho yake aliingia kazini, mtaani Raskazone, kabla ya wafagiaji. Hakupitia hata kwenye birika la chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Mfumaji akajifungia.

Mfumaji hakuwa mtu wala hakuwa na umbo. Alikuwa makabati ishirini ya chuma yanayonguruma ndani ya chumba cha baridi, na skrini moja ya kuulizia maswali. Tangu sheria ya mwaka 2041, hakuna kituo wala simu iliyoruhusiwa kuonyesha video ya wimbo isiyofumwa naye, na yeye hakuruhusiwa kujifunza popote isipokuwa kwenye hifadhi ya Hazina. Sheria ile ilipopita, Siwema alikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Maana yake ilikuwa hakuna tena msichana wa kuitwa "njoo na nguo mbilimbili, ya pili iwe fupi". Hakuna tena dairekta wa kumwambia binti wa watu asogee, ashushe, alegeze. Wanawake halisi wamepumzishwa, mashine ndiyo ifanye kazi. Nani angeona ubaya hapo?

Hifadhi yenyewe Siwema aliijua kuliko sebule yake. Mpe video yoyote, atakutajia mwaka wake kwa kuangalia nguo tu. Zile za bendi, za zamani kabisa, wanawake walisimama safu moja nyuma ya wapiga gitaa, magauni ya kitenge, wanatikisa mabega na kuchekeana wao kwa wao kwa mambo yao. Halafu likaja bwawa la kuogelea. Hakupata kujua nani alilileta la kwanza, ila baada ya hapo ungedhani nchi nzima haina kazi ila kukaa bwawani. Likaja gari la kukodi, ikaja boti, zikaja noti za kumwagiwa mtu kichwani. Kila miaka michache nguo ilipungua kiganja, na kamera nayo ikazidi kuzikimbia sura; mwanamke aliyekuwa akionekana usoni nusu ya wimbo akabakiwa na ubeti mmoja, kisha na kufumba na kufumbua.

Na kila mwanamke aliyepita mle alipangiwa fungu, maana mashine haijifunzi bila mafungu. Yalikuwa saba. Kulikuwa na Mke Mvumilivu anayefua na kusubiri, kulikuwa na Mla Pesa, Msaliti, Mama Mzazi wa kulia mlangoni, na wengineo. Fungu la saba liliitwa Kiuno. Watu wazima, wenye shahada na familia, walikaa mezani wakaandika Kiuno kwenye orodha ya watu, na hakuna aliyekohoa. Siwema naye alikuwa pale mezani.

Lakini hilo lilikuwa la wote. La kwake peke yake lilikuwa shela.

Ndiye aliyelitoa wazo. Alisema, kabla hatujamlisha Mfumaji hizi video, tuwasitiri mama zetu. Wenye wimbo wao, waliosaini, tuwaache. Lakini hawa wengine, waliokodiwa siku moja wakavuliwa utu, tuwafunike nyuso, tuwaondoe na sauti, mtoto wa mtu asije akakutana na mama yake humu. Kamati ya Staha, iliyosimamia maadili ya video, ilisimama nzima ikampigia makofi. Mzee mmoja alifuta machozi. Wafanyakazi wakaita kazi hiyo kuvika shela, wakawa wanaulizana jioni, "Leo umevika wangapi?" kwa fahari kama watu waliotoka kuchangia damu. Wanawake elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Waliojulikana walipo waliandikiwa barua yenye sahihi ya Siwema: uso wako hautaonwa tena na mtu yeyote. Waliambiwa tu. Kuulizwa, hapana.

Wa kwanza kuvikwa, asubuhi ya kwanza, kabla wenzake hawajafika, alikuwa Siwema mwenyewe.

Sasa alikaa mbele ya skrini akaandika swali lake. Kwa nini uso wa mwimbaji umeondoka sekunde ya nne?

Mfumaji alijibu papo hapo. Katika mifano mia ya mwanamke ndani ya wimbo, tisini na mmoja haina uso. Sekunde nne ni wastani.

Kwa nini ameimba mwanamume?

Sauti inahitaji mdomo. Midomo mingi niliyonayo ni ya wanaume.

Na muuguzi?

Mwanamke, sare, kitanda. Fungu la saba.

Na nilipoomba uso ukanipa tabasamu?

Wenye wimbo wengi hutabasamu. Sina mfano mwingine wa kutosha.

Siwema alisoma majibu yale mara mbili. Alitaka kuipiga skrini kiatu. Ila mashine haikuwa imesema uongo hata neno moja. Ilikuwa imerudisha ilichopewa, na aliyeipa alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti.

Maana alizikumbuka nyuso. Aliwavika kwa mkono wake, mmoja mmoja, na uso wa mtu hausahauliki ukishauangalia muda huo wote. Yupo aliyekuwa anatafuna ubani anaangalia saa ya mtu pembeni. Yupo aliyejing'ata mdomo asicheke, kwa sababu nyota wa wimbo suruali ilikuwa imemchanika nyuma. Yupo aliyemtazama yule nyota kwa chuki mpaka Siwema akaona haya kuendelea kumwangalia. Miili ilifanya ilichoagizwa, lakini nyuso zilikuwa zinakataa, waziwazi, mbele ya kamera, na yeyote aliyetaka kuona angeona. Yeye, kwa huruma zake, alizifuta zile nyuso akabakiza viuno. Akamkabidhi Mfumaji, akamwambia, hawa ndio wanawake.

"Mjinga mkubwa wewe," alijiambia kwa sauti.

Dawa ilikuwepo na haikuwa ngumu. Picha za asili zilihifadhiwa nzima, nyuso na sauti, kwenye kabati la mwisho. Ufunguo wa Mhifadhi Mkuu ungeweza kuwafunua wote kwa amri moja. Mfumaji angejifunza upya kwa siku tisa. Kanuni ilidai kwanza ridhaa ya mwanamke mwenyewe, au kura ya Kamati ya Staha, na Kamati ilishakataa mara mbili kwa maandishi hata kuwaandikia wahusika barua ya kuwauliza. Ila kanuni haikuwa na mikono ya kumzuia. Aliiandika amri yote mpaka mwisho. Aliiangalia. Kisha akaifuta, kwa sababu alimkumbuka rafiki yake Mwanamtama, akaona kuna mtu mmoja anapaswa kusikia habari hii kwa mdomo wake.

*

Treni ya Muheza ilimfikisha saa nne asubuhi. Mwanamtama Hoza aliishi nyuma ya stesheni, kwenye nyumba iliyozungukwa na michungwa, na wana watatu waliooa wake wanaomwogopa mama mkwe kuliko simba.

"Shoga, umekonda," alisema mlangoni. "Mimi nimenenepa kwa niaba yetu wote wawili. Pita, pita ndani."

Walijuana tangu wana miaka ishirini na mmoja. Mwaka 2027 waliitwa pamoja kucheza kwenye video moja Dar es Salaam. Walifanya mazoezi wiki nzima chumbani kwa Mwanamtama, hatua nane walizozitunga wenyewe, wakafika uwanjani wamesuka nywele sawasawa. Hawakuulizwa hata hatua moja. Walipewa ndoo, sponji na gari la njano, wakamwagiwa maji ya bomba tangu asubuhi mpaka jua linazama. Video ilipotoka, mchumba wa Mwanamtama alivunja posa kwa ujumbe wa simu, na baba yake hakumsemesha miezi kumi na moja. Siwema alinusurika kwa uongo. Alimwapia mama yake kuwa yule si yeye, ni msichana anayefanana naye, na mama yake akachagua kumwamini. Uongo ule aliuishi miaka arobaini na miwili. Mume alikufa hajui, na binti yake vilevile.

Mwanamtama alikaa akaanza kumenya machungwa. Siwema alimwonyesha video ya Kidawa bila kumwambia chochote. Kufikia kwenye muuguzi, kisu kilikuwa kimewekwa chini.

"Huyu si mtoto wa Mwanahamisi?"

"Ndiye."

"Na huu wimbo si wa msiba?"

"Wa msiba."

"Mungu awalaani," Mwanamtama alisema taratibu. "Mungu awalaani waliofanya haya."

"Basi anilaani mimi," Siwema akasema, akamweleza yote. Alimweleza shela, mifano mia, midomo ya wanaume. Alimweleza habari ya ufunguo. "Nataka niwafunue. Wote. Mfumaji awaone walivyokuwa, wamenuna, wanacheka, wanatetemeka. Akishawaona hawezi tena kumfanya mtoto hivi."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Mwanamtama alichukua chungwa jingine, akalizungusha mkononi, hakulimenya.

"Ngoja nikuambie kitu, Siwema. Uso wangu kwanza waliuchukua wale wanaume na maji yao. Nililia nikanyamaza. Ukaja wewe na barua yako, umeuficha. Nilishukuru, siwezi kukataa, lakini hukuniuliza. Leo unakuja kuufunua. Hivi huu uso una mwenyewe, au ni mali ya serikali?"

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza."

"Unaniuliza kweli, au unanipa taarifa? Nina nafasi ya kukataa?"

Siwema alichelewa kujibu, na alijua kuwa kuchelewa kwenyewe kumeonekana. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba, magotini kwake.

"Unayo," alisema mwisho.

"Basi sitaki."

Nje mkwe mmoja alikuwa anampigia mtu simu kwa sauti kubwa. Siwema alijaribu. Alisema kuhusu wasichana wote wa nchi hii wanaokua wakijiona hawana vichwa. Alisema kuhusu Kidawa, kwamba usingizi umempaa. Alisema mpaka akajisikia anambembeleza mtu aliyekwishajibu, na hapo aibu ikamshika.

"Usinifanye mimi ndiye mbaya," Mwanamtama alisema. "Baba yangu alikufa hajanitazama machoni vizuri. Wajukuu zangu wananiita Hajati. Mimi nimemaliza na lile gari. Lakini wenzangu sijawasemea. Elfu nne ni watu wengi, wamo watakaosema ndiyo, wamo watakaosema ngoja nivae vizuri nije mwenyewe. Waulize! Hicho ndicho hamjawahi kufanya, kuuliza." Alimsukumia sahani ya machungwa. "Na wako je? Tangu umekaa hapa unataja nyuso za watu. Mbona wako hujautaja?"

Siwema alikula chungwa lake. Aliporudi kwenye treni alikuwa amekasirika na rafiki yake, na kufika stesheni ya Pongwe hasira ile ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, mezani, alimwambia Kidawa habari ya gari la njano. Alimwambia bila kupamba, macho kwenye kikombe. Kidawa alisikiliza mpaka mwisho.

"Na siku zote unanifukuza chumbani nikabadilishe sketi," alisema.

"Nilikuwa nakufukuza, na leo pia nenda kabadilishe."

Walicheka, Kidawa akacheka mpaka akamshika bibi yake mkono. Kisha akauliza kama watamfukuza kazi.

"Kazi si kitu," Siwema alisema. "Naogopa watakavyonitazama. Wale watu wananiita mama."

*

Kamati ya Staha ilikutana Jumanne, saa tatu, na vitumbua. Wajumbe walikuwa saba, na mwenyekiti wao alikuwa Profesa Shemhilu, mtu mpole, mwenye kanzu safi na sauti ya kutuliza watoto. Kazi ya Kamati ilikuwa kupima. Kila video iliwekwa kwenye skrini, kipimo kikahesabu ngozi kwa asilimia, wajumbe wakajadili, muhuri ukagongwa. Mpaka asilimia sitini na tano iliruhusiwa, mradi hakuna uso usio na ridhaa. Ndivyo staha ilivyokuwa imefafanuliwa, na Siwema alikuwa amesaidia kuiandika tafsiri hiyo.

Alisimama mbele akasema ana ombi, lakini kabla ya ombi angependa Kamati ipime mfano mmoja wa zamani. Mwaka 2027, fungu la saba, dakika tatu na sekunde arobaini. Hakusema zaidi.

Video ikaanza. Gari la njano, povu, wasichana wawili wasio na vichwa. Muziki ulikuwa mkubwa na mzuri, hilo lazima lisemwe; mjumbe mmoja alitingisha mguu. Mwingine aliitambua aina ya gari akasema baba yake alikuwa nalo, pakatokea kicheko. Kwenye dakika ya pili, msichana wa kushoto alikuwa karibu kabisa na kamera, mwendo umepunguzwa, maji yanamteremka kifuani taratibu. Mjumbe wa mwisho mezani aliomba hapo parudiwe, kipimo hakijasoma vizuri. Pakarudiwa. Profesa Shemhilu alivaa miwani. Walikula vitumbua vyao. Siwema alisimama kando ya skrini, mikono nyuma, akawaangalia wakiangalia.

"Sitini na mbili," mwenyekiti alisema video ilipokwisha. "Iko ndani ya kiwango. Sasa, Bi Siwema, ombi lako."

Alilisema. Barua kwa kila mwanamke aliye hai kati ya wale elfu nne, imuulize kama anataka afunuliwe au abaki alivyo. Atakayekataa, aachwe. Atakayekubali, Mfumaji amwone. Alieleza habari ya mifano mia na midomo ya wanaume, na ya wimbo wa msiba uliogeuzwa, ingawa hakusema ni wa mjukuu wake.

Profesa Shemhilu alimsikiliza kwa adabu zote.

"Tumelijadili hili mara mbili," alisema. "Sisi tunawaheshimu sana mama zetu, Bi Siwema. Ndiyo maana hatuwezi kuwafikishia barua ya namna hiyo nyumbani, mbele ya wakwe na wajukuu. Hilo shela ni heshima tuliyowapa. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo."

"Niliwafundisha vibaya."

"Usijilaumu, mama. Naona tufunge..."

"Kanuni inamruhusu mwanamke aliyemo kujifunua mwenyewe," Siwema alisema. "Kifungu cha nne."

"Inamruhusu, ndiyo. Hajawahi kutokea."

Siwema aliingiza ufunguo. Ile video ikaanza upya, safari hii pamoja na sauti ya uwanjani iliyokuwa imefichwa chini ya muziki. Msichana wa kulia alibaki na shela lake, ukungu ule ule, kama alivyotaka. Wa kushoto alikuwa na uso. Alikuwa mdogo, amesuka nywele vizuri, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Ikafika dakika ya pili, pale mwendo ulipokuwa umepunguzwa, sasa ukiwa kasi yake ya kweli. Maji yakamwagika. Msichana akafungua mdomo, na ule mdomo haukuwa unamwita mtu yeyote.

"Kaka, miguu imekufa ganzi," alisema kwenye skrini. "Tunamaliza saa ngapi?"

"Legeza sura!" sauti ya mwanamume ikajibu kutoka nyuma ya kamera. "Mwangalie kama unamtaka!"

Mjumbe mwanamke, Bi Felista, ndiye aliyegundua kwanza. Alimwangalia yule msichana, akamwangalia Siwema, akaweka kitumbua chini. Wajumbe wakageuka mmoja baada ya mwingine kumwangalia Siwema, wa mwisho mwenyekiti. Uso wa Profesa Shemhilu uliiva kwa haya. Alisimama, akageuza kichwa pembeni, akanyoosha kiganja kuelekea skrini.

"Zima," alisema. "Zima hiyo, tafadhali. Huyo ni mama yetu! Hatuwezi kukaa hapa tunaangalia..."

Siwema alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliishika rimoti.

"Sasa hivi tu, Mwenyekiti, ilikuwa haina uso," alisema, "na uliiangalia mpaka mwisho."

Bi Felista alivuta kiti chake karibu na skrini. Siwema akairudisha video mwanzo, akaongeza sauti, akaiwasha tena.